Chumvi, visu na arbuni: siku moja katika vijiji vya wavuvi vya Fife

Mama yangu anachemsha dagaa Mkokotoni, kaskazini ya Unguja. Ndiyo kazi iliyotulea. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo na taa za wavuvi zikiwavuta dagaa juu ya maji, yeye na wenzake huwahi ufukweni kabla ya alfajiri. Boti zikiingia, masufuria yameshajaa maji ya chumvi na kuni zinawaka. Dagaa wakiiva huanikwa, wakikauka hutiwa kwenye viroba, na viroba vingi husafiri mpaka Congo. Masika ikifika, mama huamka anaangalia mbingu kabla hajasalimia mtu, kwa sababu mvua ya saa moja inatosha kuozesha kazi ya wiki.

Nimeanza na mama kwa sababu mwezi Mei nilipata siku moja ya mapumziko katikati ya mafunzo yangu Edinburgh, nikalipia safari ya basi dogo kwenda kuangalia vijiji vya wavuvi vya Fife, mkoa wa mashariki ya Scotland, na siku nzima nilikuwa nikimuwaza yeye.

Tuliondoka asubuhi, abiria kumi na wachache. Dereva ndiye alikuwa mwongozaji wetu, mzee mmoja mpole wa huko huko Fife, sauti yake nzito, Kiingereza chake kimechanganyika na Kiskoti kiasi kwamba ilinibidi nimsikilize kwa macho pia. Tulivuka ghuba ya Forth kwa daraja jipya, la 2017. Upande wa kulia tukatazama lile la magari la 1964, na nyuma yake lile jekundu la reli la 1890, chuma kitupu, limeinama juu ya maji kama ngamia watatu waliopiga magoti. Mzee akapunguza mwendo ili tulione vizuri, kisha akakanyaga mafuta. Alikuwa na haraka ya kufika kwao.

Sehemu yenyewe inaitwa East Neuk. Neuk kwa Kiskoti ni pembe, na kweli ni pembe ya nchi inayoingia Bahari ya Kaskazini, kati ya ghuba ya Forth na ile ya Tay. Inasimuliwa kwamba mfalme James VI aliifananisha Fife na joho la maskini lililotiwa pindo la dhahabu. Pindo hilo ni mstari wa vijiji ufukweni: Elie, St Monans, Pittenweem, Anstruther, Crail. Kutoka kimoja hadi kingine mtu hodari anaweza kwenda kwa miguu.

Elie tulikaa dakika 20 tu. Ni pazuri, kuna mchanga na watu wenye mbwa. Sikupata cha kunishika pale.

St Monans kilinishika. Kanisa la kijiji limejengwa ukingoni kabisa mwa bahari, karibu sana hata nikajiuliza mawimbi ya dhoruba huwa yanafika wapi. Lilijengwa na mfalme David II katika miaka ya 1360. Ndani, juu ya vichwa vya watu, inaning'inia merikebu ndogo ya mbao yenye milingoti yake kamili. Nikasimama chini yake. Hakuna aliyehitaji kunieleza maana ya merikebu kuwekwa mahali pa dua. Kwetu pia boti mpya haishuki majini bila kusomewa.

Mashariki ya kijiji kuna kinu cha upepo, kizee, kimesimama peke yake juu ya nyasi, na chini yake ardhi ina mabonde ya mstatili yaliyoota majani. Hapo palikuwa na nyumba za chumvi, za mwishoni mwa karne ya 18. Kinu kilivuta maji ya bahari, maji yakamiminwa kwenye karai kubwa za chuma, chini yake pakachomwa makaa ya mawe yaliyochimbwa jirani, mchana na usiku, mpaka maji yakauke ibaki chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 tu za chumvi. Sasa piga hesabu ya makaa yaliyoteketea kwa kila gunia. Mimi nimekulia kisiwa ambacho mtu akitaka chumvi anachimba majaruba, anafungulia maji ya bamvua, halafu analiachia jua kazi. Nilitazama lile wingu la kijivu lililokuwa juu yetu tangu asubuhi, nikaelewa kwa nini watu hawa walilazimika kuununua kwa makaa ukavu ambao sisi tunapewa bure.

Pittenweem ndipo bandari inapofanya kazi kweli kweli. Bandari nyingine za pwani hii zimebakiwa na boti chache za kaa, lakini hapa kuna soko la samaki, kuna barafu na makreti, na kuna harufu ya dizeli na matumbo ya samaki, harufu ambayo kwangu mimi ni ya nyumbani. Wanaleta kaa, kambakoche wa kwao wenye makucha makubwa, na kamba wadogo wa rangi ya chungwa wenye makucha membamba, ambao wengi wao hupakiwa wakiwa hai kupelekwa Hispania na Ufaransa.

Na ukutani mwa bandari, yamepangwa moja juu ya jingine kupita kimo cha mtu: madema.

Wao wana jina lao, lakini nilichokiona ni dema, mtego wetu wa samaki. Nililishika moja, mzee akiniangalia anatabasamu. Kiunzi chake ni chuma, kimezungushiwa mipira iliyokatwa ili kisipigike kwenye mawe. Juu yake nyavu ya kamba ya kijani imefumwa kwa mkono, fundo kwa fundo, na sehemu moja mtu alikuwa ameishona upya kwa uzi wa buluu. Pembeni kuna mlango, nao ni ule ule: koo pana nje, jembamba ndani, anayeingia anateleza kwa raha na anayetaka kutoka haoni njia. Babu yangu alisuka madema ya fito, macho yake ya pembe sita, na koo lake alilisuka mwisho, akiwa peke yake, hakutaka mtu amsemeshe. Hawa wanatega kaa na babu alitega tasi na changu. Sidhani kama kuna aliyemfundisha mwenzake. Ni bahari iliyowafundisha wote wawili.

Hapo hapo bandarini kuna sanamu ya shaba iliyowekwa 2019 kwa ajili ya waliopotea baharini. Hawakumweka mvuvi. Wameweka mwanamke na mtoto, wanatazama maji. Mzee alivua kofia, akanyamaza kidogo, kisha akatupandisha kwenye vichochoro vya kwenda barabara ya juu. Vichochoro vile ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Nyumba zina ngazi za mawe nje, kwa sababu chini palikuwa ghala la nyavu na kamba, na familia ililala juu. Vigae vyao vyekundu, mzee alisema, vya mwanzo vilikuja kutoka Uholanzi vikiwa farumi ya meli, uzito wa kutuliza meli zilizorudi bila mzigo.

Tulifika Anstruther saa saba mchana. Tulikula haddock na chipsi tumeketi kwenye ukuta wa bandari, mikono inaganda, samaki mweupe anaachana vipande vipande kila ukimgusa. Wenzangu wakaenda kupiga picha. Mimi nikaingia Makumbusho ya Uvuvi ya Scotland, yaliyofunguliwa 1969 katika majengo ya kale ya hapo ufukweni, na nikakaa humo mpaka mzee akaja kunitafuta.

Wana boti lao kubwa la tanga, Reaper, lililoundwa 1902, urefu wake karibu mita 21, milingoti miwili. Tanga la mbele kila walipogeuza boti lilishushwa, likahamishiwa upande wa pili wa mlingoti, likapandishwa tena. Mabaharia wa jahazi wanaozungusha foromali, ule mti unaobeba tanga, wataielewa shida hiyo mara moja. Wavuvi wa pwani hii walikuwa na miiko yao. Ndani ya boti hutaji nguruwe, hutaji samaki aina ya salmon, humtaji kasisi. Neno likikuponyoka unashika chuma haraka na kusema chuma baridi. Wala hupigi mluzi, utaita upepo. Mjomba wangu naye akisikia mluzi ndani ya mashua anarudi ufukweni.

Lakini kilichonikalisha kule ndani ni wanawake.

Samaki aliyeijenga pwani hii ni heringi, mwenye magamba ya fedha, ukoo mmoja na dagaa papa. Huyu ana mafuta mengi, kwa hiyo anaharibika upesi, na ndiyo maana utajiri wake ulikuwa mikononi mwa aliyemsubiri nchi kavu. Walikuwa wasichana na wanawake, wengine wa miaka 15, walioitwa wasichana wa heringi. Walifanya kazi watatu watatu: wawili wa kutumbua, mmoja wa kupanga kwenye pipa. Kisu kilikuwa kifupi, cha kukaa ndani ya kiganja. Kisu kinaingia shingoni, kinapinda, matumbo na mashavu yanatoka kwa mkupuo mmoja, na samaki anarushwa nyuma kwenye beseni la saizi yake bila kutazama. Hodari wao alimaliza hadi samaki 60 kwa dakika. Nilijaribu kwa mikono mitupu pale mbele ya picha, sekunde moja samaki mmoja, nikashindwa hata kuigiza.

Vidoleni walijifunga vitambaa, vipande vya pamba vilivyozungushwa na kukazwa kwa uzi, kidole kimoja kimoja, kabla jua halijachomoza. Kisu kikiteleza kinakata kitambaa kwanza. Lakini chumvi haizuiliki kwa kitambaa. Inapenya, inaingia kwenye mkato, mkato unakuwa kidonda, na kidonda kinarudi kwenye chumvi kesho yake. Kuna picha moja ya msichana amenyoosha mikono kuelekea kamera, vidole vyote kumi vimefungwa. Mama yangu ana kidole gumba cha kulia chenye ufa usiofunga. Kila asubuhi anakizungushia kitambaa cha kanga kuukuu, anakaza kwa meno, anakwenda kazini. Sijawahi kumwambia mtu habari ya kidole hicho. Nilimwambia mlinzi wa makumbusho, mwanamke wa makamo, naye akanishika mkono akasema bibi yake alikuwa mmoja wao.

Ndiye aliyenieleza kuhusu malipo. Wakati wa baridi wakala wa mwenye mapipa alipita kijijini akiwaandika wasichana wa msimu ujao, na aliyekubali alipewa fedha kidogo mkononi, za kumfunga. Fedha hizo waliziita arles. Nikashtuka, nikamwomba alirudie neno. Sisi tunasema arbuni. Usiku, nikiwa chumbani, nilifungua kamusi: lao limepitia Kilatini, letu limepitia Kiarabu, na nyuma yake kuna mzizi mmoja wa Kisemiti, wa wafanyabiashara wa kale. Mwanamke wa Fife na mwanamke wa Unguja wamefungwa kazini kwa neno moja.

Tena walikwenda dago, kambi ya uvuvi ya ugenini. Hakuna neno jingine linalofaa. Msimu wa samaki uliposhuka kusini kufuata pwani, boti ziliufuata, na wanawake wakafuata boti kwa treni maalum: kiangazi wako visiwa vya Shetland, vuli wako Great Yarmouth kule Uingereza. Kila mmoja alikuwa na kasha lake la mbao lenye nguo, visu na shuka. Mwenye nyumba aliyewapangisha alibandika karatasi ukutani ili mafuta ya samaki yasishike. Wakati boti hazijaingia walitembea barabarani huku wanafuma sweta, hawakuacha mikono ikae bure. Miaka ya 1930 waligoma Great Yarmouth kudai walipwe zaidi. Nilifurahi sana kusoma hilo, nikasoma mara mbili.

Mapipa yao yalikwenda Ujerumani na Urusi. Mwaka 1914 vita vikaanza, 1917 mapinduzi ya Urusi, na soko lililolisha pwani nzima likavunjika kwa sababu za watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Anstruther. Halafu samaki wenyewe. Heringi wa majira ya baridi waliokuwa wakiingia ghuba ya Forth walitoweka kufikia miaka ya 1940. Mwaka 1977 uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ulifungwa kabisa kwa miaka kadhaa, walikuwa wamevuliwa karibu waishe. Nikiwa nasoma hayo nilikuwa nahesabu kichwani. Mama anamuuzia mnunuzi mmoja, mnunuzi anauza Congo. Kuna mwaka njia ilifungwa kule mbele, mnunuzi hakutokea, viroba vikakaa ndani mpaka vikaingia wadudu, na mimi sikurudi skuli muhula ule. Watu huuliza kwa nini wavuvi hawaweki akiba. Mapipa ya Anstruther yanajibu vizuri kuliko mimi.

Crail ilikuwa ya mwisho. Tulifika maji yamekupwa. Bandari ni ndogo, imekumbatiwa na ukuta wa mawe uliopinda, na boti zilikuwa zimekaa juu ya tope, zimeegemea ubavu kama mashua zetu. Kibanda kimoja kilikuwa kinauza kaa waliochemshwa. Mwaka 1310 mfalme Robert the Bruce aliupa mji huu hati ya kufanya soko siku ya Jumapili, na soko lake likawa maarufu. Ukungu wa baharini, wanaouita haar, ulikuwa umeanza kuingia, ukala kwanza kisiwa cha May kilicho mbele, kisha mdomo wa bandari.

Nilipanda peke yangu kichochoro kinachotoka bandarini. Nyumba zimepakwa rangi ya maziwa, kuna maua, kila kitu kimepanguswa. Pembeni mwa mlango wa kwanza niliona kisanduku kidogo cha chuma chenye namba za kuzungusha. Mlango wa pili pia. Wa nne, wa tano. Ni visanduku vya funguo za wapangaji wa likizo. Mwenye nyumba yuko mji mwingine, anakutumia namba kwa simu. Kwenye dirisha moja kulikuwa na boti ya mbao ya kupambia na nyuma yake chumba kitupu. Nilipomuuliza mzee, alisema watoto wa wavuvi wengi wanaishi ndani ya nchi siku hizi, huku bei hawaiwezi. Alisema hivyo bila hasira, jambo lililoniuma zaidi. Mimi pia ni mgeni, nimelipa nauli kuja kutazama, na fedha yangu imeingia mfukoni mwa mtu wa Fife. Silaumu mgeni kuja. Ninachotaka kujua ni nani anawasha taa katika nyumba zile mwezi wa Januari. Kwetu Nungwi, kaskazini ya Unguja, bado wanaunda mashua ufukweni, hoteli zimewabana kulia na kushoto, na nilitamani wazee wa pale waje kukipanda kichochoro hiki, wavihesabu vile visanduku kimoja kimoja.

Usiku, Unguja saa nne, nikampigia mama. Nilimweleza habari ya mikono na vitambaa, akasema "maskini" mara moja tu. Aliitaka kazi.

"Walichemsha?"

"Hapana, mama, mbichi. Wanagaragazwa kwenye chumvi, halafu wanapangwa kwenye pipa, tumbo likitazama juu, safu na chumvi, safu na chumvi."

"Bila jua."

"Bila jua. Baada ya siku kama kumi samaki wanakuwa wamenywea, pipa limeshuka. Wanalifungua, wanajazia, wanarudishia maji yake ya chumvi."

Akanyamaza. Nikasikia kwa mbali feni yake inayolia, ile niliyomwambia abadilishe.

"Wanajazia na samaki gani? Wapya?"

"Hapana. Wa siku ile ile waliyotiwa chumvi wenzao."

"Ehee," akasema. "Hao walikuwa wanaijua kazi." Kisha akaniambia nile, nivae nguo nzito, na kwamba anakata, alfajiri ana boti.